Deni kwa Aliyekwama

Mtu aliyekwama yu hai, na mara nyingi mahali alipo panajulikana, ila hawezi kutoka bila mkono wa mwingine. Hapo ndipo swali la kimaadili linapozuka: walio salama wana deni gani kwake, na nani ana mamlaka ya kulifuta? Watazamaji wa mfululizo wa kubuni wa kisayansi uitwao Star Trek wamelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 50 kupitia kipindi kimoja, "The Galileo Seven", kilichorushwa Marekani Januari 5, 1967. Katika migongo ya Manyatta, Kaunti ya Embu, mashamba ya majani chai yanapokoma na msitu wa Mlima Kenya kuanza, swali lenyewe ni kongwe kuliko televisheni.

Katika kipindi hicho chombo kidogo cha anga, Galileo, kinaanguka kwenye sayari isiyojulikana vizuri kikiwa na watu saba. Ili kiruke tena ni lazima uzito upunguzwe, na hesabu inaonyesha kwamba watu watatu watabaki. Spock, anayeongoza kundi, anasema atawachagua yeye mwenyewe kwa mantiki. Boma, mmoja wa walio chini yake, anataka kura. Huku juu, nahodha Kirk anawatafuta katika meli kubwa, naye mjumbe wa serikali, Ferris, anamhimiza aondoke kwa sababu meli imebeba dawa zinazosubiriwa na watu wanaouawa na tauni.

Watazamaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaomuunga mkono Spock kwa kuwa anayejua kazi ya kila mtu ndiye anayeweza kuamua nani anahitajika. Wengine wako na Boma, kwa kuwa kura haina upendeleo. Lakini pande zote mbili zimekwisha kukubali jambo kubwa kabla ya kuanza kubishana, yaani kwamba yupo mtu anayeweza kuachwa na wenzake bila ridhaa yake. Kilichobaki kwao ni utaratibu tu.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakuwapa nafasi hiyo. Katika al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya fiqhi, aliuchukua mfano wa watu walio chomboni baharini, ambao watazama wote wasipomtupa mmoja wao. Alisema haijuzu. Maslahi ya kundi lenye idadi maalumu, alieleza, si maslahi ya umma mzima, na kura haina msingi wa kumteua mtu wa kufa. Majaji wa Uingereza walifika karibu na hapo mwaka 1884, walipowatia hatiani kwa mauaji mabaharia wawili, Dudley na Stephens, waliomuua kijana Richard Parker na kumla baada ya meli yao, Mignonette, kuzama. Hukumu ya kifo ilipunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita. Mahakama iliwahurumia kwa njaa yao, lakini haikukubali kwamba njaa iliwapa haki juu ya uhai wa kijana yule.

Kuna tukio jingine katika "The Galileo Seven" ambalo halijadiliwi vya kutosha. Spock mwenyewe anabanwa na jiwe wakati wa shambulio, na anawaamuru wenzake waruke wamwache. Hawamtii, wanarudi, wanalisukuma jiwe na kumvuta ndani. Maneno ya kuacha mtu, yaliyochukiza alipoyasema juu ya watu watatu, sasa yanasikika kama ukarimu. Sababu ni kwamba safari hii anayeyasema ndiye atakayeachwa. Deni la uokoaji linafanana na madeni mengine katika jambo hili moja: anayedai anaweza kusamehe, anayedaiwa hawezi kujisamehe.

Kitabu cha Yona, kinachosomwa Manyatta tangu misheni ya Kianglikana ilipofunguliwa Kigari mwaka 1910, kinalisogeza wazo hilo mbele zaidi. Dhoruba inapozidi, Yona mwenyewe anawaambia mabaharia wamtupe majini. Wamepewa ruhusa kamili, tena na mtu aliyekiri kuwa yeye ndiye chanzo cha dhoruba. Hata hivyo wanapiga makasia kwa nguvu wakitaka kufika nchi kavu, na wanaposhindwa ndipo wanamwomba Mungu asiwahesabie damu isiyo na hatia. Msamaha wa deni, basi, haumlazimishi mdaiwa kuupokea upesi. Ni lazima pia uwe msamaha wa hiari. Mgonjwa anayesema aachwe kwa sababu amesikia mara nyingi jinsi anavyowachosha watu hajasamehe kitu, amesukumwa tu.

Hatari iliyo karibu zaidi na serikali na taasisi ni ile ya kumgeuza aliyekwama kuwa marehemu kabla ya wakati wake. Julai 1969 William Safire, mwandishi wa hotuba za Rais Nixon, aliandaa tamko la kusomwa iwapo Neil Armstrong na Buzz Aldrin wangeshindwa kuondoka mwezini. Maandishi hayo yalipanga kwamba rais awapigie simu wake zao, mawasiliano na mwezi yakatwe, kisha kasisi awaombee kwa utaratibu wa maziko ya baharini. Ni maandishi ya heshima, na huenda hapakuwa na njia ya kuwafikia. Lakini kuwakatia sauti watu wanaopumua bado ili ibada ya wafu ianze ni hatua nzito mno kuchukuliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa wao wenyewe.

Waembu humwita Mungu Ngai, pia Mwene Njeru, na wameuona mlima kuwa makao yake, hata milango ya nyumba ilijengwa ikiuelekea. Kwenye mlima huohuo, Septemba 1970, kulitokea kisa kinachopima kila nadharia iliyotajwa hapa. Madaktari wawili Waaustria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wakiteremka kutoka Batian, kilele chenye urefu wa mita 5,199, pale mwamba ulipong'oka. Judmaier alianguka, mguu ukavunjika vibaya, mfupa ukatokeza nje. Oelz alishuka kutafuta msaada. Wapandaji wa Mountain Club of Kenya walipanda kumfikia Judmaier, na kutoka Innsbruck kikaja kikosi cha waokoaji alichokitafuta babake. Aliteremshwa akiwa hai baada ya siku zaidi ya saba mwambani. Katika juhudi hizo helikopta ilianguka na rubani wake, Jim Hastings, akafa.

Kwa hesabu tupu, uhai mmoja ulilipwa kwa uhai mwingine, na mtu anaweza kuuliza faida ilikuwa nini. Hesabu hiyo inaficha tofauti ya msingi. Hastings aliingia hatarini akiwa anarusha helikopta kwa ajili ya mtu aliyeumia. Hakuna aliyempigia kura. Mfano wa kondoo aliyepotea, katika Luka 15, una mpangilio huohuo: mchungaji anayemwendea mmoja anaibeba gharama mabegani mwake mwenyewe. Katika migongo ya Embu nduru inapopigwa usiku, iwe kwa ndovu aliyetoka msituni au mtu ambaye hajarudi na kuni, majirani hutoka na tochi kabla ya kuuliza aliyepatwa ni nani. Kila mmoja ameuleta mwili wake mwenyewe.

Hoja ya Ferris ndiyo ngumu kuliko zote, na wanaomdharau mjumbe huyo hawamtendei haki. Wagonjwa wanaosubiri dawa nao wamekwama, nao wanadai. Madeni mawili yanapogongana, la pili haliyeyushi la kwanza. Kirk anapokubali kuondoka anaondoka kwa mwendo wa polepole, na kwa ajili hiyo anauona moto ambao Spock ameuwasha angani kwa mafuta ya mwisho ya Galileo. Watano wanaokolewa, wawili walikuwa wamekwisha kuuawa kwenye sayari.

Utafutaji wa kweli nao hufika mwisho, chakula kikiisha, ukungu ukifunga au waokoaji wenyewe wakianza kuanguka. Kusimama huko kunaweza kuwa halali bila kuwa msamaha. Familia bado inastahili kuambiwa wazi ni wapi palipotafutwa na ni wapi hapakufikiwa, na hali ikibadilika msako unaweza kudaiwa upya. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake achukuliwe kuwa amekufa, ili mirathi na ndoa ziweze kushughulikiwa. Ni dhana tu, na ushahidi kwamba yu hai unatosha kuivunja.