Mshono wa Kifuani

Mteja wangu mmoja hapa soko la Kimironko, Kigali, mama mcha Mungu ninayemheshimu sana, alikuja kuchukua gauni lake, macho yake yakatua kwenye shingo ya blauzi yangu. Akauliza kwa upole: "Mama Zuhura, si ulisema Mungu amekuponya? Mbona hapo pamevimba?"

Ni kweli pamevimba. Kwenye ncha ya juu ya mshono wa upasuaji, chini kidogo ya koo, pametuna kama kokwa ya zambarau. Hospitali ya King Faisal walinieleza kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani. Ili kuifikia valvu ya moyo iliyoharibika, mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Nyaya hizo nitazikwa nazo. Mfupa huhitaji wiki 6 hadi 12 kushikana, na uvimbe ule wa juu unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kunywea. Palipojeruhiwa, mwili hupeleka damu na majimaji ya kutengeneza. Ndiyo maana panatuna, panapata joto na kuwasha.

Nilimweleza hivyo, lakini niliona hajaridhika, na nadhani najua kwa nini. Wengi wetu tunaamini kwamba akiponya Mungu haibaki alama, na kwamba makovu ni ya madaktari. Mimi siukubali mgawanyo huo. Sababu yangu nilisomeshwa chuo cha Kurani nikiwa mtoto, ila sikuielewa mpaka nilipopasuliwa.

Katika Sahih Muslim, Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa mtoto akicheza na wenzake, Jibril akamjia, akamlaza, akampasua kifua. Akautoa moyo, akauosha kwa maji ya Zamzam katika beseni la dhahabu, akaurudisha mahali pake. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini Anas, aliyemtumikia Mtume kwa miaka, anaongeza jambo moja: alikuwa akiiona alama ya mshono ule kifuani pake. Aliyepasua ni malaika, aliyepasuliwa ni kipenzi cha Mungu, na sindano bado iliacha alama. Mola angetaka kifua kile kibaki laini, kingebaki laini. Basi mimi ni nani hata nidai ngozi isiyo na kovu ndipo niseme nimepona?

Kilichoniuma kuliko kidonda ni sujudu. Kujiinua kwa mikono kunauvuta mfupa, kwa hiyo nilisali kwenye kiti, nikiinamisha kichwa tu. Sheria yetu inaruhusu na shehe alinithibitishia, ila nililia. Nikikohoa nilikumbatia mto. Ndoo ya maji alinibebea jirani. Taratibu nikaona kwamba kuegemea watu nako ni ibada niliyopangiwa kwa muda ule. Hata kufika kwangu mezani pa upasuaji kulitanguliwa na mikono mingi: ile iliyowapokea Wanyarwanda waliolazimika kwenda hadi Khartoum, kwenye hospitali ya Salam Centre, iliyofunguliwa na shirika la Emergency 2007, na ile ya wapasuaji wa Team Heart kutoka Marekani, wanaokuja Kigali tangu 2008. Siwezi kumshukuru Mungu huku nikiwafuta hao.

Na siwezi kunyamazia jambo hili. Uvimbe wa kupona unapungua. Ukiona wekundu unasambaa, usaha unatoka, homa inapanda, au unasikia mfupa ukigonga unapogeuka, nenda hospitali siku ileile. Anayemwambia mgonjwa avumilie usaha kwa jina la imani anamdhulumu. Vivyo hivyo anayemshawishi aache dawa ya kuzuia damu isigande kwa sababu "tumeshaomba": valvu ya bandia ya chuma bila dawa hiyo huweza kuziba kwa damu iliyoganda.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia mjukuu wake analalamika koo, ana homa, na walikuwa wamemkandia chumvi tu. Nikaweka mkasi chini. Moyo wangu mimi uliharibika hivyo hivyo, kwa koo la utotoni ambalo halikupata penisilini. Nikamwomba gauni alichukue kesho, mtoto ampeleke kituo cha afya sasa hivi na kadi ya mituweli, bima yetu ya afya. Aliondoka, nami nikamwombea mtoto.