Jicho, Simu na Huzuni ya Moyo

Tumeulizwa katika darasa letu suala ambalo halifai kujibiwa kwa haraka. Kijana ambaye kila akiiweka chini simu yake huyaona maisha yake hayana thamani, akakosa usingizi na akachukia kutoka nje, je, huyo imani yake ni pungufu? Wako wasemao ndiyo, tena humwambia usoni. Sisi hatukubaliani nao.

Kwanza na tukitazame hicho akionacho. Katika nchi yetu ya Kisii na Nyamira mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, hata fungu la mtu mmoja mara nyingi ni safu chache za chai na migomba. Jirani aliyefanikiwa alionekana tangu zamani, lakini alionekana mzima: mabati yake yalionekana, mgonjwa wake alionekana, na deni lake lilijulikana sokoni. Leo vijana wetu huwatazama ndugu zao waliohamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota, ambako Wakisii wamekuwa jamaa kubwa katika vitongoji vya Minneapolis. Huja picha ya gari, ya theluji, ya harusi. Haiji picha ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, ambayo ni kazi ya wengi miongoni mwao, wala ya kodi ya nyumba inayodaiwa mwisho wa mwezi. Basi mtazamaji huyapima maisha yake yote kwa kipande cha maisha ya mwenziwe, kisha akajihukumu. Ni kadhi gani huyo atoaye hukumu kwa kusikiliza upande mmoja?

Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza watu, katika mambo ya dunia, wamtazame aliye chini yao na si aliye juu yao, wasije wakaidharau neema waliyopewa. Wengi huichukua hadithi hii kuwa ni nasaha ya adabu tu, na kumbe ndani yake mna maarifa makubwa ya moyo wa binadamu. Mitandao ya kijamii imejengwa kinyume chake kabisa. Faida ya wenye mitandao hutoka katika matangazo ya biashara, kwa hivyo kila dakika jicho likaapo kwenye kioo ni fedha kwao, na aghalabu kinachotangulizwa mbele yetu ni kile kinachotutamanisha au kutughadhibisha. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alizitoa hadharani karatasi za ndani, zikaonyesha kwamba watafiti wa kampuni yenyewe walikwisha kujua kuwa Instagram huwazidishia baadhi ya wasichana kuichukia miili yao. Wala hatusemi simu zitupwe. Kwa simu hizo hizo karo hulipwa, na mama huisikia sauti ya mwanawe aliye mbali.

Wako wanaosema kuwa kijana huyo ana hasadi. Imam Ghazali amelieleza jambo hili vizuri: hasadi ni kutaka neema imwondokee mwenzio, ama kutamani upate mfano wake bila ya yeye kuikosa, hiyo si hasadi. Kijana wetu hamtakii nduguye gari lake liungue. Anayemchukia ni nafsi yake mwenyewe, na hilo ni jambo jingine. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona chanzo chake kimo mwilini na dawa yake kadhalika. Ajabu ni kuwa leo, baada ya miaka zaidi ya elfu, mwenye malaria hupelekwa hospitali na mwenye huzuni hukaripiwa.

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kujiua ni haramu katika dini yetu, na tamko la mahakama haliibadili hukumu hiyo. Lakini uharamu wa tendo si ruhusa ya kumtesa mgonjwa. Waislamu wa sehemu hizi ni wachache, wote twajuana, na kwa sababu hiyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hii humficha, kama wafanyavyo jirani zetu Wasabato na Wakatoliki. Mzazi asikiapo mwanawe akisema afadhali asingalizaliwa, ampeleke hospitali siku ile ile, na imamu afuatane nao hadharani, watu wamwone akiingia.

Na aliyeko Minnesota naye ana sehemu yake. Apigapo simu nyumbani, amweleze mdogo wake habari za zamu ya usiku pia.