Halikuwa Burma

Wiki tatu sasa naunga modeli ya Ho-Ro, mzinga wa kujiendesha wa Wajapani wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1:35. Walichukua mwili wa kifaru cha Chi-Ha, wakaondoa sehemu ya juu, wakapandisha mzinga wa sentimita 15 ulioingia jeshini mwaka 1905, muundo wa Krupp wa Ujerumani. Mzinga wa kizamani kabisa. Ngao iko mbele na ubavuni kidogo tu. Nyuma wazi, juu wazi. Kwa muungaji huo ni uhondo, maana kila skrubu inaonekana.

Jumapili Baba alikuja. Babu yangu alikuwa KAR, na mwaka 1944 alipigana Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwenye matope ya bonde la Kabaw. Baba akakitazama kile kigari weee, kisha akauliza, "Hiki ndicho kilikuwa kikiwapiga akina babu yako?"

"Hapana, mzee," nikajibu haraka. "Haya yalipelekwa Ufilipino. Luzon, 1945."

"Ahaa." Akarudi kwenye chai yake. Nami nikashusha pumzi.

Pumzi ile ndiyo inayonikera hadi leo. Nilishukuru nini hasa? Luzon ndiko iliko Manila, na katika vita vya kuugombea mji ule, Februari hadi Machi 1945, walikufa raia takriban 100,000: wengi kwa mikono ya askari wa Japani, wengine kwa mizinga ya Marekani. Sisemi Ho-Ro ndiyo iliyowaua. Nasema mimi nilikuwa nayajua hayo, na bado Luzon ikanitoka mdomoni kama habari njema. Kwamba waliopigwa ni wa watu wengine.

Najua mtaniambia ni plastiki tu, ndugu, tuliza moyo. Sawa. Lakini jioni mbili nzima nilipaka kutu na tope, nikijisifu kwamba nafuata ukweli. Ukweli wangu uliishia kwenye mdomo wa mzinga. Riwaya ya vita ikifanya hivyo, sisi hapa huwa tunaisema vibaya sana.

Sitaitupa. Imebaki minyororo tu, na gundi ninayo. Ila Baba akija tena nataka tulirudie lile swali lake, na safari hii nisikimbilie kusema halikuwa Burma.