Ujira wa Maziwa

Katika Sura ya Talaka, baada ya Mwenyezi Mungu kuwakataza waume wasiwatoe watalaka wao majumbani kabla ya eda kwisha, imekuja amri ambayo wasomaji wengi huipita upesi, nayo ni kwamba mtalaka akimnyonyeshea mtalikaji wake mtoto, apewe ujira wake, na wapatane kwa wema. Nimeitaamali sana amri hii. Mwanamke ni yule yule, na maziwa ni yale yale. Jana alipokuwa mke hapakuwa na aliyeyatia bei, na leo, kwa kutamkiwa maneno machache, yamekuwa na thamani ya kudaiwa mbele ya kadhi. Je, ni talaka iliyoyapa thamani, au thamani ilikuwapo tangu hapo, na talaka imeifunua tu?

Fiqhi haichanganyi mali ya mke na ya mume, na kwa hukumu hiyo mwanamke wa Lamu au Unguja aliweza kumiliki shamba lake la minazi na kuliuza apendapo, hali mwanamke wa Uingereza alingoja sheria ya 1882 ndipo mali yake ikatoka mikononi mwa mumewe. Akiachwa, hudai mahari iliyosalia, masurufu ya eda na kiliwazo; akijivua kwa khului, hutoa fidia. Hiyo ni ngao njema kwa aliyeingia ndoani na shamba. Lakini itazame nyumba inavyojengwa mitaani kwetu: hati ya kiwanja na risiti za saruji zina jina la mume, bali maji ya kukorogea saruji hiyo ameyateka mke, wali wa mafundi ameupika yeye, na fedha ya misumari iliyopelea imetoka katika sinia ya vitumbua alivyouza alfajiri, wala hapana aliyemwandikia stakabadhi ya ndoo hata moja.

Huambiwa kuwa alikuwa akitimiza wajibu wake. Ajabu ni kwamba wasemao hivyo ni wafuasi wa Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo Abu Is-haka Shirazi, mwenye Muhadhabu, amesema wazi kuwa kusaga, kupika na kufua si haki ambayo mume aweza kumlazimisha mkewe. Ikiwa si wajibu, basi ama ni hiba, ama ni kazi. Na hiba hutaka tamko na kupokewa, nami sijapata kusikia mwanamke akitamka kuwa ndoo zake amezitoa hiba. Kweli, mafakihi hao hao husema kuwa afanyaye kazi bila kupatana ujira hana la kudai, na hoja hii siipuuzi. Ila wako miongoni mwao waliomtoa katika hukumu hiyo mtu anayejulikana kwa kazi yake, wakampa ujira kwa mujibu wa ada. Na ni nani ajulikanaye kwa kazi yake kuliko mama wa nyumba?

Serikali ya Tanzania, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, iliiamuru mahakama igawapo chumo la pamoja itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pasi na kusema kama kazi ya nyumbani imo. Jawabu lilikuja 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kuwa imo. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, na mahakama ikaona amekwisha kuzitapanya. Indonesia, ambako Waislamu wengi ni Mashafii kama sisi, mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa 1991 huwapa waachanao nusu kwa nusu ya chumo la ndoa, isipokuwa kama walishurutishana vingine katika mkataba.

Hilo la mkataba ndilo linipendezalo zaidi. Mahari yetu hutajwa kwa shilingi mbele ya walii na mashahidi wawili, ikaandikwa, wala hapana aonaye kuwa kutaja fedha kumeharibu mapenzi. Sijaona dalili ya kumzuia kadhi asiulize katika kikao hicho hicho nyumba itakayojengwa itakuwa ya nani, akaandika jawabu chini ya ile mahari.