Ramadhani, siku ya 17: Maji yanayokuja jua likiwaka

Ndugu zangu wa Madogo na nyote mlio kando ya mto, kuanzia hapa kwetu hadi Bura na Hola, poleni na saumu.

Najua leo ni siku ya Badr na wengi mlitarajia niandike kuhusu Badr. Hiyo tutaisikia msikitini baada ya alasiri, inshallah. Hapa nataka tuongee kuhusu mto, kwa sababu masika yamekaribia, na wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: Sheikh, bima ya mafuriko ni halali au haramu?

Kwanza tuuangalie mto wenyewe. Tana haianzi kwetu. Inatoka Aberdare na Mlima Kenya, inapita kwenye mabwawa ya umeme, Masinga kwanza, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo inashuka huku kwenye tambarare. Huko juu ikinyesha mfululizo na Masinga likajaa hadi kumwagika, sisi tunayapokea maji siku kadhaa baadaye. Unaweza kuwa umekaa chini ya mwembe, mbingu safi, vumbi linaruka, na mto unapanda. Mtoto akikuuliza mvua iko wapi, huna pa kumwonyesha.

Mwaka 2024 tuliswali Idi tarehe 10 Aprili. Kabla mwezi haujaisha barabara ya kwenda Garissa ilikuwa ndani ya maji, watu wanavushwa kwa boti, na tarehe 28 boti moja ikapinduka, watu wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Na hiyo ilikuja miezi michache tu baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023.

Maji yakishuka, linalobaki ni deni. Mgomba ukikaa ndani ya maji siku nyingi unaoza mizizi. Mahindi hayangoji hata hizo. Mtu anaenda dukani anaandikiwa unga, anaandikiwa mafuta, halafu mbegu naye anakopa. Mimi nafundisha watoto wenu, na deni hilo naliona darasani: mtoto aliyekuwa anakuja kila siku anaanza kuja siku mbili kwa wiki, kwa sababu siku nyingine anabeba mchanga alipwe.

Sasa wapo wanaosema: hii ni qadar, ya nini kuhangaika? Hadithi ya ngamia mnaijua, siirudii. Nawakumbusha ya Umar (RA). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaitoka qadar ya Allah na kuiendea qadar ya Allah. Kwa hiyo mzee wangu ukihamisha magunia yako juu mapema, hujapungukiwa na imani hata chembe.

Lakini simwambii mtu ahame mto moja kwa moja. Wanaotuambia hivyo hawajawahi kulima hapa. Udongo ule mweusi unaoletwa na maji ndio unaotulisha. Ukiuacha mto, utalima wapi? Mtu alale juu, alime chini, na awe na kitu cha kumwinua siku mto utakapochukua shamba.

Hapo ndipo bima inaingia. Ile ya kawaida ya biashara, ambapo unalipa na kampuni inabaki na faida, na pesa zinazungushwa kwenye riba, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1985 likaamua kwamba haifai. Baraza hilohilo likapitisha ile ya kushirikiana, ambayo sisi tunaiita takaful: watu wanatoa mchango kwa nia ya kusaidiana, aliyepatwa analipwa kutoka kwenye mfuko, na msimamizi anachukua ujira wake tu. Hapa Kenya kampuni ya takaful ipo tangu 2011, kwa hiyo hili si jambo geni. Jibu la lile swali ndilo hilo: usiulize tu jina, uliza pesa zinakwenda wapi.

Na uliza jambo la pili, ambalo naona linasahauliwa sana. Karatasi inasema italipa kwa sababu gani? Mwezi Machi 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kupitia takaful ya mifugo baada ya ukame. Mpango ule unatumia setilaiti kupima ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango, watu wanalipwa. Ni jambo zuri, mashallah. Lakini mafuriko hayakaushi majani, yanayaotesha! Mto unaweza kuwa umemeza shamba lako lote, na setilaiti inaona kijani tu. Vilevile bima inayopima mvua iliyonyesha hapa kwetu: kipimo kitasema haikunyesha, na kitakuwa kinasema kweli. Kwa hiyo kabla ya kutia kidole gumba kwenye karatasi ya ajenti, mwambie akuonyeshe palipoandikwa mafuriko ya mto. Kama hapapo, mshukuru, mpe maji kama amekuja baada ya magharibi, na aende zake.

Kuna waliosema, basi tuanzishe chama chetu wenyewe wakulima wa huku chini. Nimelifikiria sana hili na naona lina tundu. Maji yakija yanatupata sote siku moja. Mfuko wa watu waliolowa wote, nani mkavu atautia kitu?

Mkavu yupo. Ni mfugaji. Yeye mafuriko yakija anapandisha mifugo kule juu, tena anapata malisho. Adui yake ni ukame, kama ule wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilipogoma msimu baada ya msimu. Na wakati ule mkulima wa ukingoni angalau alikuwa na mto wa kuchotea. Majanga yetu mara nyingi hayaji siku moja. Tukiwa mfuko mmoja, mwaka wa maji mfugaji anamwinua mkulima, mwaka wa kiangazi mkulima anamwinua mfugaji.

Najua ninachokisema, na najua kitawakera baadhi yenu. Mifugo imeingia mashambani, njia za kwenda mtoni zimezibwa, maneno yametupwa. Kule Delta mwaka 2012 tuliona mambo haya yanaishia wapi, na waliouana walikuwa watu wa mto mmoja. Mtume (SAW) aliwasifu Ash'ariyyun kwa sababu chakula kilipopungua walikusanya kila alichonacho kila mtu kwenye nguo moja, wakagawana sawa, na akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kilichokuwa kwenye nguo ile hakikuwa cha wale walioshiba peke yao wala cha wenye njaa peke yao.

Zakat msiichanganye na mfuko huu. Zakat ina watu wake nane, na mfuko unamlipa yeyote aliyechangia akapatwa, hata kama ana uwezo. Lakini aliyefagiwa na maji akabaki na deni, huyo anaingia katika gharimin; Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alimtaja waziwazi aliyechukuliwa mali na mafuriko. Mtume (SAW) pia alimweleza Qabisa kwamba aliyepatwa na janga likamaliza mali yake anaruhusiwa kuomba hadi apate pa kusimamia. Basi mama yangu uliyeniambia unaona haya kuja kwa kamati, njoo. Deni la unga wa 2024 ni deni.

Kikao ni leo baada ya tarawehe, uani mwa msikiti. Kina mama watakaa upande wao na kipaza sauti kitawafikia. Wazee wawili wa wafugaji wamekubali kuja kufuturu nasi kwanza, kwa hiyo nyumba zilizo karibu na msikiti zilete kidogo zaidi ya kawaida. Mambo ya kuamua ni manne: kila nyumba itoe kiasi gani, nani watathibitisha hasara (nimependekeza wakulima wawili na wafugaji wawili), mweka hazina awe nani, na akaunti isiyo na riba ifunguliwe wapi. Leo asije mtu na pesa. Aje na jina la nyumba yake, na kama ana kinyongo na jirani wa kule juu, aje nacho pia tukiseme.

Wabillahi tawfiq.