Adui Asiye na Uso
Msomaji, je, yule apigwaye vitani ni adui kweli? Usiku wa tarehe 27 Machi, 1999, katika vita vya Kosovo, kikosi cha Zoltán Dani kiliiangusha kwa kombora ndege ya Marekani aina ya F-117 katika anga ya Serbia. Kikosi kile kiliona alama tu katika kioo cha rada, wala hakikuona uso. Rubani, Dale Zelko, aliruka kwa mwavuli akaokoka. Mwaka 2011 alirudi Serbia akakutana na Dani, ambaye baada ya kutoka jeshini alikuwa mwokaji mikate, wakawa marafiki.

Kilichopotea usiku ule kilikuwa chuma. Lau Zelko angalikufa, Dani asingalijua kamwe kwamba amemwua rafiki. Basi tafakari: ni marafiki wangapi waliozikwa kwa jina la adui?