Mvuvi na Mkeka

Mwenzetu mmoja bwenini husema kubeti ni sawa na kuvua. Mvuvi wa Nchelenge, Zambia, huingia Ziwa Mweru usiku na taa kutafuta chisense, dagaa wa huko, asijue atarudi na nini, mbona halaumiwi? Wanaobeti si wachache: GeoPoll, mwaka 2017, ilikuta vijana 76 kati ya 100 nchini Kenya wamewahi kucheza.

Hoja nzito, nakiri. Lakini mvuvi akipata, kisiwani Kilwa watu wanakula. Akikosa, hakuna aliyevuna hasara yake. Mkeka ukichanika, kuna aliyevuna. Al-Baqara 219 haikani kwamba kamari ina manufaa. Yanazidiwa na dhambi yake. Na manufaa hayo analipa nani? Aghalabu yule aliyeshindwa kuacha, pengine jirani yako wa chumba, aliyebeti ada.